Kazi ya Kidole Gumba

Kwa Kiswahili, tango ni la kachumbari. Tango hili, matango haya. Ukitaka kuzungumzia muziki wa Buenos Aires inabidi ubadilishe ngeli: tango hii, ya gitaa na bandoneoni. Mwambie mama wa mboga pale Gakoromone kwamba umeshinda mchana kutwa na tango moja, atakuuliza kama ulitia chumvi. Sawa tu. Mimi nimekaa na tango hii miezi kadhaa sasa, hasa ile inayopigwa na mtu mmoja kwa gitaa moja la nyuzi za nailoni, bila mwimbaji, bila ngoma, bila mtu wa kumshikia mdundo. Na kadiri ninavyoisikiliza ndivyo ninavyoona inatuhusu sisi wa Embu na Meru kuliko vile ungedhani. Huku kwetu gitaa moja ndilo muziki wa wikendi.

Kila Ijumaa, kuanzia mjini Embu, upite Runyenjes, Chuka na Nkubu hadi ufike Makutano ya Meru, mabango ni yaleyale: picha ya msanii amekumbatia gitaa, jina lake kwa herufi kubwa, na maneno "One Man Guitar". Ndani utamkuta peke yake kwenye kona, gitaa limeunganishwa kwa spika, kinanda au mashine ya ngoma ubavuni, maikrofoni mbele. Ataimba za Joseph Kamaru, ataimba za Daniel Kamau, yule DK, ataingiza za Kimeru akiwa upande wa Meru, ataingiza kantri ya Don Williams, na usiku ukikomaa atachukua hata wimbo wa kanisani na kuugeuza maneno. Watu wanashikana mabega, wanajipanga mstari, wanazunguka kati ya meza kama mabehewa. Ndiyo maana ya mugithi kwa Kikuyu: treni. Mtindo huu wa mtu mmoja ulishika Kenya ya kati miaka ya 1990, na jina linalotajwa kwanza kila mara ni Mike Rua.

Kwa hivyo tuna watu wa aina mbili, mmoja kwenye ukumbi wa tamasha ng'ambo na mwingine kwenye baa ya Embu, na wote wawili wana shida ileile. Muziki wao ulizaliwa au ulikua kwenye kundi. Kuna aliyepiga besi, kuna aliyepiga rithimu, kuna aliyepiga solo. Sasa amebaki mtu mmoja mwenye mikono miwili. Hawezi kubeba vyote. Lazima atupe kitu. Mimi naamini ukitaka kumpima mpiga gitaa wa peke yake, usianze na wingi wa noti anazopiga. Anza na alichokitupa, na sababu iliyomfanya akitupe.

Tuanze na tango, maana wengi wetu tunaijua kwa sinema tu: mwanamume wa nywele za mafuta, mwanamke wa gauni jekundu, waridi mdomoni. Wacha hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 19, pale Buenos Aires na Montevideo, neno "tango" lilitumiwa kuita mahali ambapo Waafrika, watumwa na walioachwa huru, walikutana kucheza ngoma zao. Asili ya neno lenyewe wasomi bado wanabishania, na baadhi yao wanaielekeza Afrika. Kwa Kilingala, hapa jirani tu, tango ni wakati. Sisemi neno lilitoka huko, nasema tu kwamba halina sura ya ugeni kama tulivyofundishwa na sinema.

Na watu wake wa mwanzo? Mmoja wa watunzi wa kwanza wa tango wanaojulikana kwa jina ni Rosendo Mendizábal, Mwargentina mweusi, mpiga piano, ambaye "El entrerriano" yake ni ya 1897. Kabla yake alivuma Gabino Ezeiza, mweusi vilevile, aliyezaliwa Buenos Aires mwaka 1858, na kazi yake ilikuwa kushindana na watu kwa mashairi ya papo hapo akijipigia gitaa. Malenga, kwa ufupi. Halafu mwaka 1917 Carlos Gardel akarekodi "Mi noche triste", wimbo ambao wengi wanauhesabu kuwa mwanzo wa tango ya kuimbwa. Nyuma yake hakukuwa na okestra. Kulikuwa na gitaa, na aliyelipiga ni José Ricardo, mtu wa asili ya Afrika, ambaye jina lake la utani lilikuwa rangi yake.

Ninayaleta haya si kwa sababu nataka kudai tango ni yetu. Huo mchezo wa kudai kila kitu ni chetu umenichosha. Ninayaleta kwa sababu yanabadilisha swali. Watu wengi husikia tango kwenye gitaa moja wakadhani ni okestra iliyopunguzwa, kama vile kununua robo kilo kwa sababu huna pesa za kilo. Kumbe gitaa lilikuwepo kabla ya bandoneoni kuzoeleka. Vikundi vya mwanzo vilikuwa filimbi, fidla na gitaa. Bandoneoni, kile kinanda cha kukunja na kukunjua kilichotoka Ujerumani, kilikuja baadaye, kikakaa kitako, na kikawa ndiyo sauti ya tango. Yaani gitaa lilikuwa mwenye nyumba, likageuka mpangaji.

Sasa sikiliza tofauti yao. Bandoneoni ina pumzi. Mpigaji akibonyeza noti anaweza kuishikilia, akaikuza, akaiacha ififie anavyotaka yeye. Gitaa halina pumzi. Noti ya gitaa inaanza kufa palepale unapoupiga uzi, na hakuna unachoweza kufanya kuifufua ila kuupiga tena. Hii ni shida kubwa kwa muziki wa huzuni, maana huzuni ya tango inakaa kwenye noti ndefu. Chukua "Adiós Nonino", ambayo Astor Piazzolla aliitunga mwaka 1959 baada ya kufiwa na baba yake. Ule wimbo una sehemu ya mdundo mkali, halafu inakuja sehemu ya polepole, ndefu, kama mtu anayeongea peke yake matanga yakishakwisha. Kwenye bandoneoni au fidla ile sehemu inanyooka kama uzi. Kwenye gitaa inakatikakatika.

Wapigaji wana dawa tatu. Ya kwanza ni kuirudiarudia noti haraka kwa vidole, itetemeke, sikio lidhani ni moja. Ya pili ni kujaza mapengo kwa sauti za kati, zile nyuzi za katikati zifanye kazi huku noti ya juu ikifa. Ya tatu ni kuiacha ife. Dawa ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo ninayoipenda. Mwargentina Cacho Tirao, aliyewahi kupiga kwenye bendi ya Piazzolla mwenyewe, alikuwa na toleo lake la "Adiós Nonino" la gitaa peke yake, na wanafunzi wa gitaa duniani kote wameling'ang'ania. Litafute, halafu usikilize watu kumi tofauti wakilipiga. Utaona haraka sana nani anaogopa kimya. Anayeogopa anajaza. Kila pengo anatia ngazi ya noti, anatia mbwembwe, hadi baba wa watu anazikwa kwa fataki. Asiyeogopa anaipiga noti, anaiacha izame, na wewe unayesikiliza unajikuta unaishikilia kichwani mwako. Hapo gitaa limefanya jambo ambalo bandoneoni haiwezi: limekupa wewe kazi.

Piazzolla alilijua hili, ingawa chombo chake kilikuwa bandoneoni. Mwaka 1980 aliandika vipande vitano vya gitaa peke yake, "Cinco piezas". Majina yake ni ya tabia: cha mashambani, cha mapenzi, cha kusisitiza, cha majonzi, na cha mwisho "Compadre", yule mbabe wa mtaani. Hivi havikupunguzwa kutoka kwenye okestra. Viliandikwa vikijua tangu mwanzo kwamba noti itakufa. Ndiyo maana ninavisikiliza zaidi kuliko zile nyimbo maarufu zilizohamishwa kwa nguvu.

Na mdundo? Fanya hivi ukiwa ndani ya matatu, hakuna atakayekushangaa. Hesabu 1 hadi 8, piga kofi kwenye 1, 4 na 7. Rudia. Tatu, tatu, mbili. Huo ndio mdundo Piazzolla aliupenda hadi ukawa kama sahihi yake. Uharakishe kidogo utakuta uko kwenye regetoni, uko kwenye dansihol, uko kwenye nusu ya nyimbo ambazo kondakta wa njia ya Meru anakuchezea bila idhini yako. Kwenye okestra, mdundo huo unabebwa na besi na piano. Kwenye gitaa peke yake, unabebwa na kidole gumba.

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Kwenye gitaa la peke yake, kidole gumba ndicho mfanyakazi asiyetajwa. Vidole vingine vinaimba, vinasifiwa, vinapigwa picha. Gumba linashika nyuzi nzito za juu na kutembea nazo, pigo baada ya pigo. Likichoka, muziki wote unakaa chini.

Mwalimu wa hili katika Afrika yetu ni Mwenda. Nikisema Mwenda, watu wa Meru watageuka nusu ya chumba, maana kila darasa huko lina Mwenda wake. Huyu si wa Meru. Ni Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey pale Jadotville, siku hizi Likasi, mwaka 1952, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Wimbo wake "Masanga" ulizunguka Afrika nzima. Aliimba Kiswahili cha Kongo, na mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuja hadi Nairobi, akawa anatangaza dawa za Aspro redioni. Mwaka 1969 alipiga Newport, Marekani, kwenye tamasha kubwa la nyimbo za kiasili.

Cha kushangaza ni hiki: Mwenda alipiga kwa vidole viwili. Gumba na cha shahada. Basi. Mpiga gitaa wa klasiki anafunzwa kutumia vinne vya mkono wa kulia, na bado ukisikiliza "Masanga" unaapa kuna magitaa mawili. Gumba linakwenda njia yake, kidole cha pili kinakwenda njia nyingine, vinakutana mahali ambapo hukutarajia, vinaachana tena. Msomi David Rycroft alikaa chini akayaandika mapigo yake kwa noti na kuyachapisha mwaka 1961 na 1962, kwa sababu kwa masikio tu watu hawakuamini. Na usisahau, muziki huu haukuwa wa kuketi na kukunja miguu. Ulikuwa wa watu waliotoka kazini.

Mwenda alitupa nini? Alitupa ujazo. Hana zile nyuzi nyingi zinazopigwa kwa pamoja ili sauti iwe nene. Sauti yake ni nyembamba, mbili tu kila mara, labda tatu. Alichobaki nacho ni mwendo. Huo ni uamuzi, na ni uamuzi wa mtu mwenye akili: alijua kwamba mchezaji wa dansi hahitaji unene, anahitaji kujua mguu unakwenda wapi.

*

Sasa turudi nyumbani, na hapa sitambembeleza mtu.

Mugithi wa gitaa moja, kama unavyopigwa usiku mwingi niliohudhuria kati ya Embu na Meru, umekipa kidole gumba likizo ya kudumu. Mashine inapiga ngoma. Mashine inapiga besi. Mara nyingi kinanda kinashikilia na zile sauti za kati, kwa mtindo uliotoka nao kiwandani. Gitaa linabaki na vijisehemu vifupi: linaingia mwimbaji akipumua, linasema maneno manne, linatoka. Ukizima mashine ghafla, kinachobaki si wimbo. Ni mtu anayeimba akigusagusa nyuzi. Kwa hivyo nasema wazi kwamba jina kwenye bango si la kweli. Mtu ni mmoja, ndiyo. Lakini gitaa silo linalofanya kazi.

Jumamosi moja alasiri, kabla watu hawajaingia, niliketi na msanii mmoja kwenye baa nje kidogo ya mji wa Embu. Amepiga gitaa tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Alikuwa anajaribu spika. Nikamwomba, "Mkubwa, hebu nipigie moja bila mashine." Akanitazama kama nimemwomba avue viatu. Halafu akapiga. Ilikuwa ya Kamaru, na gumba lake likaamka kama lililokuwa limesubiri kuitwa. Besi ilitembea, vidole vikaimba juu yake, na mhudumu aliyekuwa anapanga viti akasimama. Ilichukua labda dakika tatu. Alipomaliza akacheka.

"Hiyo ni ya kukaa, kijana," akaniambia. "Usiku wanataka ya kusimama."

"Lakini hiyo pia inachezeka."

"Na watu hamsini wanaongea? Wataisikia?" Akaligonga gitaa kwa kucha. "Zamani tulikuwa wanne. Mwenye baa akasema analipa wawili. Halafu akasema analipa mmoja. Mashine haili, haitaki nauli."

Sikuwa na jibu, na sitajifanya nililipata njiani. Lakini maneno yake yalinisaidia kuona ramani nzima. Tango ya gitaa ilipokwenda kwenye kumbi za tamasha ilibaki na kidole gumba ikapoteza wachezaji. Sikiliza rekodi nyingi za sasa: mpigaji ananyoosha mwendo, anasubiri, anaharakisha, anavuta pumzi kila mstari, ni vitamu lakini hakuna mguu wa binadamu unaoweza kuufuata. Watazamaji wamekaa gizani, kimya, hata kikohozi kinaombewa msamaha. Mugithi ulikwenda njia ya pili. Ulibaki na wachezaji, ukapoteza kidole gumba. Kila mmoja ana kitu ambacho mwenzake alikitupa, na wote wawili walikitupa kwa sababu ya nani aliyekuwa analipa. Ukumbi unalipia utulivu. Baa inalipia watu wasimame, wapate kiu.

Ndiyo maana siwezi kuandika lile tamko rahisi kwamba wasanii wetu ni wavivu. Nimelisikia kwa watu wanaojua muziki, wengine walioenda kusoma gitaa Nairobi, na huwa wanalisema wakiwa wamekaa vizuri. Mtu anayeimba saa sita mfululizo, peke yake, akikumbuka maneno ya nyimbo mia moja kwa lugha tatu, huku akitaja majina ya wateja waliomtumia kitu, si mvivu. Amefanya hesabu. Gumba lake lingechoka saa nne za usiku, na mashine haichoki.

Lakini kuelewa hesabu ya mtu si sawa na kukubali kwamba jibu ni moja tu. Mimi mwenyewe ni one-man. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipogeuka hesabu isiyofungika, na tangu hapo naandika kwa malipo ya kila makala. Mimi ndiye mwandishi, mimi ndiye mhariri, mimi ndiye karani wa kudai pesa, mimi ndiye fundi wa intaneti ikizingua. Wenzangu wengi wako hivyo: mpiga picha ambaye pia ni dereva na mhasibu, fundi wa nywele ambaye pia ni mtangazaji wa TikTok. Tumefundishwa kujivunia hili. Unaambiwa wewe ni bendi nzima. Na kila kazi mtu mmoja anapoibeba, kitu fulani kinapewa mashine au kinatupwa, na kwa kawaida ni kile kisichoonekana kwa mteja. Kwangu ni kusomwa na mtu wa pili kabla ya kuchapishwa. Kwa yule mkubwa wa Embu ni kidole gumba. Hakuna anayelalamika, kwa sababu hakuna aliyelipa tiketi kuja kukiona.

*

Kuna njia ya tatu, na haikutoka Buenos Aires. Ilitoka magharibi mwa Kenya.

Miaka ya 1950 na 1960, watu wa Luhya walikuwa na mtindo wa gitaa la vidole ulioitwa omutibo. George Mukabi, aliyekufa 1963, ndiye nyota yake. Baadaye walikuja Abana ba Nasery, watoto wa nasari, kutoka Bunyore, ambao hadi 1992 walikuwa na albamu iliyotoka Uingereza, "Nursery Boys Go Ahead". Gumba linatembea, kidole kinaimba, kama kwa Mwenda. Lakini pembeni ya gitaa kuna kitu kingine: chupa ya Fanta. Ile ya zamani ya kioo yenye mistari. Mtu anaikwaruza na kuigonga, kra-ka-kra-ka, na hiyo ndiyo ngoma.

Sikiliza kilichotokea hapo. Chupa ni nyepesi mno kuweza kulifunika gitaa. Haiwezi kumeza besi kama mashine inavyomeza. Inatoa mguu, inaliachia gumba kazi yake. Na aliyeishika ni mtu. Anasikia mwimbaji akichelewa, anachelewa naye. Anaona wachezaji wamechangamka, anaongeza. Mashine ya ngoma haijawahi kumwona mchezaji hata mmoja. Kama tango ya ukumbini ilipoteza miguu na mugithi ukapoteza gumba, omutibo haukupoteza chochote kati ya hivyo viwili. Ulichopoteza ni ubwana wa kuwa peke yake. Ulihitaji mtu wa pili.

Na mtu wa pili anahitaji kulipwa. Hapo ndipo mjadala wote huu wa muziki unapoishia, ukipenda usipende. Chupa ya Fanta ni shilingi chache. Mkono unaoishika una nauli, una chakula, una keja inayodaiwa kila tarehe tano. Mwenye baa anayeona tofauti kati ya mtu na mashine kama hasara tupu, huyo ndiye anayeamua muziki wa Embu na Meru utakuwaje, kuliko msanii yeyote, kuliko mimi na makala yangu.

Ningependa kusikia jaribio moja tu. Usiku mmoja, baa moja, Embu au Makutano, msanii mmoja mzuri wa mugithi na mtu mmoja wa chupa, au kayamba, au hata kreti ya soda ya kugongwa kwa mkono. Mashine ikae kwenye begi. Spika zitoshe kulifikisha gitaa hadi kwa walio nyuma, maana ile hoja ya watu hamsini wanaoongea ni ya kweli, na suluhisho lake ni maikrofoni nzuri ya gitaa, si kulinyamazisha. Sidhani treni ya watu itasimama. Mstari ule haujawahi kufuata ngoma peke yake. Unafuata wimbo ambao kila mtu aliyemo anaujua tangu utotoni, na wimbo huo ulikuwa na gumba ndani yake kabla mashine hazijafika.

Kwa sasa, kama uko safarini kati ya Embu na Meru na una bando, weka vitu vitatu kwenye simu. Kwanza "Cinco piezas", yeyote apigaye, usikilize anavyoziacha noti zife. Pili "Masanga", ujaribu kuhesabu magitaa, ukumbuke ni moja na vidole ni viwili. Tatu wimbo wowote wa Abana ba Nasery wenye chupa. Barabara ile ina kona na mabonde ya kutosha, utapata muda.

Halafu wikendi ukiingia mahali pana bango la gitaa moja, usikae nyuma. Sogea hadi uone mkono wa kulia wa msanii, na utazame kidole gumba. Kama kimelala, mwombe kwa heshima wimbo mmoja bila mashine, kabla watu hawajajaa. Akikupigia, usimpigie makofi peke yake. Uliza namba yake ya M-Pesa.